Ubeti Uliopigiwa Makofi

Mikono ya mama yangu ilinuka sabuni ya mche na dawa ya kutoa madoa, hata Jumapili kanisani. Tuliishi Riruta, kwenye ploti ya vyumba vya mabati, na kila asubuhi alikwenda Spring Valley, mtaa wa matajiri, kufua na kupika kwa familia moja ya Wahindi, watu waungwana mno kwa salamu. Likizo moja alinichukua, na huko ndiko nilikokiona kikombe. Vikombe vya nyumba vilikaa kabatini. Cha mama kilikaa nje, kwenye jiwe la kufulia, mkono wa kikombe umefungwa uzi mwekundu kisije kikachanganyika na vingine. Alisukuma chapati, wakazila zingali moto huku wakilamba vidole, kisha yeye akatoka nje kunywa chai kwenye kikombe chenye uzi. Nilikuwa darasa la sita, na hasira ya siku ile sijaimaliza. Msinielewe vibaya: baadaye nimeviona vikombe vya namna hiyo kwa Wazungu, na kwa Wakikuyu wenzangu wenye mageti makubwa. Lakini cha kwanza ndicho kilichonichoma.

Muhula uliofuata, shule ya Sonal, binti wa nyumba ile, iliialika shule yetu. Wao wangetugawia viatu, nasi tungeshiriki nao ngonjera. Mwalimu Kageha, aliyetufundisha Kiswahili, aliitunga kwa kufuata taratibu zote: upande mmoja hutoa ubeti, wa pili sharti ujibu, mpaka mmoja akubali ameshindwa na wote waghani ubeti wa mwisho pamoja. Sonal alipewa kuwa Tajiri. Mimi nikapewa Maskini, na hakuna aliyeuliza kwa nini isiwe kinyume. Nilitakiwa nipige goti, nikiri kwamba shida zetu zinatokana na uvivu, kisha nishukuru. Uvivu! Mwanamke aliyekuwa akiondoka nyumbani kabla jogoo hajawika!

"Mwalimu, mbona mimi ndiye nashindwa?" nilimuuliza.

"Kwa sababu wao ndio wanaleta viatu," alijibu, bila hata kuona haya.

Mama aliijua sura yangu ninapokasirika. Mama yake Sonal alikuwa amemwambia aje kugawa chai siku ya ngonjera. "Nyambura, usiniletee maneno," alinionya. "Hiyo kazi ndiyo inatulisha. Sema vile umeambiwa, halafu ushuke." Nilikwenda nikiwa nimeazimia kumtii, kusema kweli. Nilighani beti zangu zote vizuri. Kisha, nilipokuwa karibu kupiga goti, nikatazama meza ya chai. Mama alikuwa amesimama nyuma yake, na kando ya birika kilikuwa kile kikombe. Walikuwa wamekibeba kutoka nyumbani kwao, na uzi wake. Goti likakataa kukunjika. Nikatoa ubeti ambao nilikuwa nimeutunga kichwani tangu likizo, nikiupindua na kuupanga kila nilipochota maji:

Mama anawafulia, nguo zenu za mwilini,
Chakula awapikia, chaingia midomoni,
Kikombe mwamfungia, uzi pale mkononi,
Jibu ninasubiria, uchafu wake ni nini?

Sonal alijua sheria, maana tulifanya mazoezi pamoja: ubeti ukitolewa, hujibiwa. Aliutazama ule uzi, akamtazama mama yangu, akafungua kinywa. Mpaka leo naamini alitaka kujibu. Lakini mama yake alisimama na kupiga makofi, na ukumbi mzima ukamfuata. "Huyu msichana yako ana sauti mzuri sana," alimwambia mama yangu, akitabasamu. Mwalimu Kageha akafuta jasho. Sonal akafunga kinywa.

Jumatatu mama hakufunguliwa geti. Mlinzi alimpitishia kikombe chake kwenye kidirisha, akamwambia asirudi. Nilingoja kipigo, hakikuja. Mama aliukata uzi kwa meno, akakiosha kikombe, akanitilia chai mimi. "Kunywa," akasema. Kwa miezi mingi baada ya hapo alikaa kando ya barabara za Spring Valley na wanawake wengine, akingoja yeyote mwenye nguo za kufuliwa.

Siku hizi nawasomea watu mashairi yangu katikati ya jiji, kwenye kumbi zenye viti laini. Wanawake wangali wanakaa kando ya zile barabara za Spring Valley, wakingoja kuitwa. Juzi niliusoma tena ubeti ule, na watu wakasimama. Bwana mmoja alinifuata akaniambia umemtoa machozi. Nikamuuliza mama anayemfulia hunywea chai kikombe gani. Akacheka kidogo, akaniambia nina kipaji, akaenda zake. Naichukia sauti ya makofi. Ndiyo waliyomfungia nayo mama yangu geti, kwa adabu kabisa, huku wakinisifu. Sikutunga ubeti ule nisifiwe. Niliuliza swali mbele ya watu wazima, na wote walilisikia. Jibu ninasubiria.