Mjuzi wa Jazi wa Kasongo

Hapa Kasongo mimi ndiye mjuzi wa jazi, na cheo hicho nilijipa mwenyewe. Nimekusanya disiki za zamani, nyingi kutoka kwa mchuuzi mmoja aliyenunua masanduku ya misioni. Majalada yake nimeyapanga ukutani sebuleni, Waamerika na matarumbeta yao wakiwatazama wageni wangu. Mashini ya kuzipigia sikuwa nayo, lakini hilo halikunizuia kufundisha watu.

Jumapili hii jirani yangu Saidi, mwenye duka, akaleta mashini yake na batri ya pikipiki. Mama mkwe alikuwa amefika kutoka Wamaza, na kwa heshima ya ukwe alikaa barazani, ametupa mgongo. Nikatoa disiki kwenye jalada lenye picha ya mwanamke mwenye glavu nyeupe. Sauti ya mwanamke ikapanda kwa lugha nisiyoielewa, basi nikajua ni Kiingereza. Nikafumba macho.

"Sikia ile maumivu," nikamwambia Saidi. "Huyu alikunywa pombe sana. Na mabwana watatu walimukimbia."

Saidi akamsikitikia. Barazani mama mkwe akakohoa, kisha akamwita mke wangu, kwa kuwa hasemi nami moja kwa moja.

"Ambia bwana yako ile ni Kilatini. Tuliimba kwa masista, padri akashika sauti zetu na mashini. Mwenye kuimba pale ni miye. Na wakati ule sikukuwa hata na bwana mumoja."