Nyumba Iliyokosa Mlango

Kuna siku moja, mwanangu, nikiikumbuka naiona kama kitu nilichokiota: jua la Kahama liko utosini, vumbi limeelea halitui, na mimi nang'oa mlango wa nyumba yangu mwenyewe kwa nyundo ya kupondea mawe. Nilipomaliza niliuegemeza ukutani, nikaingia ndani, nikalala usingizi mtamu ajabu. Mke wangu, Mama Kabula, alibaki amesimama uani na mtoto mgongoni.

Usicheke. Au haya, cheka kidogo, halafu unisikilize.

Kutotulia nilikuwa nako tangu utotoni. Baba alinipa ng'ombe nichunge, nami nikaangalia ndege wanavyojikusanya angani, wanatawanyika, wanajikusanya tena. Nikizinduka, ng'ombe wako kwenye mtama wa jirani. Nilichapwa mpaka nikazoea. Kila kazi niliianza, sikumaliza hata moja. Wengine walisema nimerogwa, wengine mvivu tu. Mimi nikachagua uvivu, maana mganga angetaka mbuzi.

Machimboni nikapata raha. Kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, mtu asiyetulia anapendwa kweli. Mpaka siku kifusi kilipotushukia. Mimi nilifukuliwa nikiwa hai. Rafiki yangu Masalu, aliyekuwa nyuma yangu kidogo, hakutoka. Nililala kwenye lile giza nikimsikia, kisha nikawa simsikii tena.

Sasa sikia mambo yetu wachimbaji. Aliyefukuliwa hai kwetu ana nyota, ardhi imemwonja ikamtema. Basi kila duara jipya likifunguliwa, kuanzia Mwakitolyo mpaka Geita, naitwa mimi: "Mleteni Baba Kabula azame kwanza!" Nikawa nazama. Nani anakataa sifa? Walinipigia makofi nikishuka, na nikipanda hakuna aliyeuliza mbona natetemeka. Hata mimi sikujiuliza. Tulidhani ni bahati, kumbe ni ugonjwa tulikuwa tunaupigia makofi.

Nilikuwa nasema nini? Ndiyo, mlango. Nikifungiwa popote, kifua kilibana na udongo ukajaa kooni, ingawa udongo wenyewe haukuwepo. Mama Kabula alivumilia kulala kwenye nyumba wazi. Siku fisi alipoingia mpaka jikoni, uvumilivu ukamwisha. Kulipokucha alifunga mizigo, akambeba Kabula, akarudi kwao Runzewe.

Nilimfuata. Baba mkwe alinipokea vizuri, tukala, kisha akasema taratibu:

"Baba Kabula, sikunyimi mke. Ila yeye hawezi kulala pasipofungwa, na wewe huwezi kulala palipofungwa. Mmoja wenu anaumwa, na si binti yangu. Nenda hospitali. Ukipata nafuu, njoo umchukue."

"Baba, mimi si kichaa!"

"Nani kasema kichaa? Nimesema unaumwa. Mwenye malaria naye ni kichaa?"

Niliondoka nimenuna kama mtoto. Lakini nyumbani palikuwa kimya mno, upepo unaingia na kutoka utakavyo. Nikaenda.

Mshauri wa pale hospitali alikuwa binti mdogo, ningeweza kumzaa. Aliniamkia shikamoo, akaniambia nikae. Nikakaa, nikasimama, nikakaa. "Mzee, basi tutembee," akasema. Tukazunguka nyuma ya majengo, mashuka yameanikwa yanapepea, na mimi namweleza mambo yasiyo na kichwa wala miguu. Akasikiliza yote, siku ile na nyingine zilizofuata. Mwisho akasema, "Una mambo mawili, mzee. Huku kutotulia umezaliwa nako, ndivyo ubongo wako ulivyo. Si uvivu, si uchawi. Hofu ni jingine, ni jeraha ulilotoka nalo shimoni. Yamekutana ndani ya mtu mmoja, yanachocheana."

Mwanangu, nililia. Mwanamume mzima, katikati ya mashuka ya watu, nalia kwa sababu mtu kaniambia mimi si mvivu.

Usidhani nilipona palepale. Siku za kliniki nilizisahau, akanishauri niziunganishe na siku ya mnada, maana mnada sisahau hata nikiumwa. Kidogo kidogo tulirudi shimoni kwa maneno, mpaka nikaweza kumtaja Masalu kwa sauti. Kisha akanipa kazi: nirudishe mlango, niufunge mchana kweupe, nivute pumzi, niufungue. Mara ya kwanza nilichomoka mbio bila viatu, majirani wakapata sinema ya bure.

Baba mkwe alisikia najitahidi, akamruhusu Mama Kabula aje aone. Tulikaa mkekani, mlango ukiwa wazi.

"Nifunge?" akaniuliza.

"Funga."

Giza likaja, ukabaki mstari mwembamba wa mwanga chini ya mlango. Nikamsikia Masalu. Kisha nikasikia kuku nje, na Kabula anawafukuza huku akiimba, na pumzi ya mama yake karibu na bega langu.

"Bado upo?"

"Nipo," nikasema. Na kweli nilikuwepo. Tulikaa hivyo mpaka mwanga ule ukasogea, na jioni aliponiuliza apike mboga gani, nikajua amerudi.

Basi sikia, mwanangu. Kinachokuumiza kikisifiwa na watu, usizame kwa ajili ya makofi yao. Ukiona hutulii, hulali, unaanza na humalizi, usijiite mvivu, wala usione haya. Tafuta mtu aliyesomea mambo hayo, umwambie. Wengine hupewa na dawa, hilo daktari ataona. Ukisahau siku yako, rudi tu siku nyingine, usione aibu. Mimi kichwa bado kinaruka, si umeona hadithi yangu inavyopotea njia? Ila nalala, na mke wangu analala.

Mungu akupe usingizi wa mtoto aliyeshiba. Akupe na mtu wa kukuuliza kama bado upo, nawe uwepo umjibu.