Mfereji wa Baba Mdogo

Harufu ya sweta ya sufu inayokaukia juu ya moshi wa jikoni hunirudisha Kimulot nitake nisitake. Sisemi hivyo kwa mapenzi. Msimu wa baridi wa kwetu haukuwa na huruma: mvua ilianza mchana, ikaleta mawe yaliyochana majani ya chai, kisha ukungu ukashuka kutoka msitu wa Mau na kukaa mpaka nguo zikaota kuvu sandukuni. Wanaosema mvua ni baraka waje wachume chai mwezi wa saba, vidole vimekufa ganzi. Nilikuwa na miaka kama kumi hivi, na jambo moja tu lilinitoa nje bila kufukuzwa: kinamasi kilichokuwa chini ya shamba letu, na korongo wawili wenye taji waliotaga humo.

Kong'ony, ndivyo tunavyomwita korongo huyo kwa Kipsigis, na ndiye ndege wa ukoo wetu. Kila ukoo una mnyama wake. Wako humwui, humpigi jiwe, na akitua shambani unampisha. Basi shule zilipofungwa, kaka yangu Kiprono na mimi tulikuwa tukiteremka ule mlima wa utelezi, tunapanda tyubu kuukuu ya trekta na kupiga makasia kwa vipande vya mbao hadi karibu na kiota, kisha tunanyamaza kimya, mvua ikitupiga mgongoni. Mama alitupigia kelele kuhusu kichomi. Mchelea mwana kulia hulia yeye, alisema, na fimbo ikafuata. Kesho yake tulirudi. Nilitaka kuona vifaranga. Sijawahi kutaka kitu kwa hamu ile, na nasema hivyo mimi niliyezaa.

Kinamasi kile kilikuwa upande wa baba mdogo, ndugu wa baba yangu tumbo moja, kwa hiyo mtu wa ndege yuleyule. Yeye alitaka kupanda mikaratusi, auze kuni kwa kiwanda cha chai. Asubuhi moja tulimkuta na jembe akichimba mfereji kuelekea mtoni, gunia kichwani kujikinga mvua. Tulidhani anafungua njia ya ng'ombe. Aliendelea kuchimba, na maji yakaendelea kushuka, mpaka tyubu yetu ikakwama kwenye tope na kiota kikabaki pakavu. Mbwa wake alitembea tu hadi pale, akala mayai yote. Korongo walizunguka juu wakilia mpaka giza likaingia, wakaenda zao.

Kiprono alilia. Mimi nilimfuata baba mdogo mtoni alikokuwa akiosha jembe.

"Baba mdogo, umeua ndege yetu."

"Nimemgusa?" aliuliza, wala hakupandisha sauti. "Uliza mtu yeyote. Mimi nimechimba shamba yangu tu."

"Na mbwa je?"

"Mbwa hana ukoo."

Baba yangu alikuwa amesimama pale na alisikia yote. Akakohoa, akasema tukachume chai. Kikulacho ki nguoni mwako, na chetu kilikula nasi ugali kila Jumapili, tena ndicho kilichoombea chakula. Nilimchukia baba mdogo tangu siku ile. Watu huniambia mambo ya utotoni husahaulika. Labda yao.

Mikaratusi ilikua, ikanywa kinamasi, ikanywa na chemchemi, na leo boma lote linachota maji mbali. Mimi naishi mjini Kericho. Msimu wa mvua ukifika, ninavaa gambuti, nachukua darubini, na pamoja na wanangu natembea hadi bwawa moja upande wa Boito ambako korongo wachache bado hutaga. Tuna mtumbwi mdogo wa plastiki badala ya tyubu, na makoti yasiyopitisha maji. Baridi ni ileile.

Mwaka huu tulilala kwanza Kimulot kwa wazazi. Asubuhi, tukiwa tunatoka, tulimkuta baba mdogo langoni. Amezeeka sana, magoti hayamtii. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani, na mvua ilikuwa tayari imelilowesha mabegani.

"Nasikia mnaenda kuona kong'ony," alisema. "Nipeleke, mama. Nimwone mara moja kabla sijaenda. Wewe nishike mkono tu, hii njia inateleza."

Nilitazama ule mkono alionyoosha. Nikawaita watoto, tukashika njia. Nilipogeuka kwenye kona bado alikuwa amesimama palepale.

Siku hiyo tuliona vifaranga wawili, wa rangi ya majani makavu, wakimfuata mama yao kwenye matete. Jioni Kiprono, ambaye bado anaishi Kimulot, alinipigia simu, amekasirika. Mzee amerudi nyumbani akitetemeka, hataki kula, hasemi na mtu.

"Umemfanya nini?" aliuliza.

Nilimwambia ukweli. Sikumgusa.