Wakazi wa Juu ya Maji

Chini ya shamba letu la miraa, upande wa Mikinduri, kijito hutulia kwenye kidimbwi kabla ya kuruka mawe. Hapo mama alinituma maji utoto wangu wote, na wadudu wenye miguu mirefu walitembea juu ya maji mbele ya macho yangu nisiwajali. Nilikuja kuwajali nikiwa mwalimu wa baiolojia mjini Meru, nilipogundua kwamba hakuna aliyewahi kuandika kuwa wapo hapo. Na nilikuwa nimechelewa. Likizo niliyorudi nyumbani kuwachunguza, fundi alikuwa anakuja kutega paipu na pampu kidimbwini, maji yote yapande hadi uani kwa mama.

Mama aliungoja mfereji huo wa uani kama Krismasi. Magoti yake yalikuwa yamechoshwa na ule mteremko, na mimi sikuwa na kinywa cha kumwambia asubiri kwa ajili ya mdudu.

Wa kwanza niliwabeba kwenye chupa ya maji. Kufika nyumbani, wote walikuwa wamekufa maji. Watembeao juu ya maji! Mama alicheka hadi akashika mbavu.

"Wewe umesoma ukapitiliza," akasema.

Nikanuna, nikateremka tena. Safari hii niliwafunga kwenye jani bichi la mgomba lenye unyevu, vile tunavyofunga miraa ya kusafiri. Wakafika wazima, tena wana hasira.

Hadubini ya shule niliiweka mezani karibu na dirisha. Spishi yao hutambulika kwa dume, kwa umbo la ncha ya tumbo lake, basi nikatafuta dume mpaka shingo ikauma. Nilipompata nikasahau shingo. Mwili mzima ulivaa vinyweleo vya rangi ya fedha, laini, vimelala upande mmoja, na tone la maji halikuweza kupenya. Nililengwa na machozi, wala sioni haya kusema. Kitabu kilikuwa na jina lake tayari, ila kwa kijito chetu alikuwa hajaandikwa. Nikamtia kwenye spiriti, nikaandika mahali, siku na kina cha maji.

Kisha nikaona jambo lililonikata maini. Hakuwa na mabawa. Nikawakagua wengine, wote vivyo hivyo.

Mama akaja kuchungulia. Aliinama, akaliweka jicho kwenye lenzi.

"Mungu wangu," akasema polepole. "Hii yote ilikuwa pale, na mimi nafua tu nguo?" Nikamwonyesha mgongo usio na mabawa. "Sasa kidimbwi ikikauka, huyu anaenda wapi?"

"Haendi popote, mama."

Akalirudisha jicho kwenye lenzi.

Mama hajawahi kukomba sufuria ya githeri. Lazima kibaki cha mgeni atakayebisha hodi, hata sisi tulale hatujashiba vizuri. Fundi alipokuja, mama aliteremka naye, akiegemea fimbo.

"Nikiweka mdomo wa paipu hapa chini kabisa, mama, hutawahi kukosa maji," fundi akasema.

Mama akagonga jiwe la juu zaidi kidimbwini kwa fimbo. "Weka hapa."

"Lakini kiangazi mfereji itakauka!"

"Najua. Hata sufuria sisi hatukombi. Bakisha."

Kiangazi hiki mfereji umekauka kweli. Mama anateremka tena na mtungi wake, akiyalaani magoti. Nikimpigia simu kutoka mjini kumuuliza kama amepata maji, hujibu kwanza kwamba wapo, bado wanatembea.