Mlango wa Mama Mkwe

Juzi, katika duka la vipuri mjini Kitale, mwanamume mwenye tai aliweka kwenye kaunta kipande cha plastiki kilichovunjika. Ulikuwa mkono wa kufungulia mlango wa nyuma kwa ndani, wa gari la kifahari la zamani.

"Hizi ziliisha kitambo, bana," muuzaji akamwambia. "Si ufungue tu kwa nje?"

"Jumamosi namtoa mama mkwe kwao Chwele. Bibi yangu amejifungua, mamake anakuja kuona mtoto."

"Basi mfungulie, ajione mkubwa!"

Mteja akarudi nyuma kana kwamba mama mwenyewe ameingia dukani. "Mimi? Nisimame hapo akishuka, tugusane? Sisi Wabukusu, mkwe hata mkono hatumpi. Nitafutie, mzee. Siondoki."

Muuzaji akaacha kucheka. Akapanda ngazi, akapekua maboksi, akashuka amejaa vumbi, ameshika mkono wa plastiki wa rangi ya maziwa.

"Yako ni nyeusi. Hii haifanani."

"Inafungua?"

"Inafungua."

"Nifungie."

Waziri hufunguliwa mlango kwa heshima. Mama mkwe, kwa heshima iyo hiyo, sharti aufungue mwenyewe.