Asubuhi Zetu Bila Jiwe

Mama alipofariki, asubuhi ndizo zilizonishinda. Usiku ulipita wenyewe, na mchana ulikuwa na kazi zake. Nilikuwa na miaka kumi na miwili hivi, enzi za Mwingereza, kijijini kwetu Ufipa, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Sumbawanga. Nilikuwa na wadogo watatu: wavulana wawili niliosoma nao shule ya misheni, na kitinda mimba, msichana wa miaka mitatu. Baba alikwenda kulima matuta kabla hakujapambazuka, jembe begani, akarudi jua likizama. Tangu msiba hakuwa na maneno, nasi hatukumdai.

Kwetu wanawake walisaga ulezi alfajiri. Jiwe la kusagia lilianza nyumba moja, likaitikiwa na la pili, mpaka kijiji kizima kikawa kinanguruma. Ukilisikia jiwe la jirani ulijua wameamka salama na uji utakuwepo. Lisiposikika, watu waliuliza. Basi matanga yalipokwisha nikalishika jiwe la mama, maana nani mwingine?

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Kitinda mimba alisikia jiwe, akaja mbio na usingizi wake, akanikumbatia mgongo. Kisha akauona uso wangu, akaangua kilio. Ikawa kila siku hivyo hivyo. Kilio chake kiliwaamsha wavulana, wakagombania shuka, mmoja akampiga mwenzake, nami nikawapiga wote wawili ili pasiwe na upendeleo. Uji uliungua. Tulifika shuleni kengele imeshanyamaza, tukachapwa viganja kwenye baridi ya Juni, na baridi ya Ufipa haina utani.

Ningependa kusema nilimwonea huruma yule mtoto. Sikumwonea. Miezi ile nilikuwa kama mguu uliokufa ganzi. Nilijua upo kwa sababu nilikuwa nikiukanyagia tu. Nilitaka kelele ziishe, basi.

Siku moja nikasaga jioni, mara tu baada ya kuteka maji, baba hajarudi na jiwe likimezwa na kelele za kijiji. Asubuhi nikaliacha jiwe lilale. Nikafukua makaa niliyoyafukia kwenye majivu, nikakoroga uji, nikaegesha maji ya kunawa kando ya moto. Gauni la mtoto nikalitandaza karibu na chungu mpaka likapata joto. Nikamwamsha yeye kwanza, kwa kumshika unyayo, wala sikumwita. Nikamvika gauni lenye joto, nikampa mwiko, nikamwambia kazi yake ni kuushika mpaka nitakapouhitaji. Ndipo nikawaamsha wavulana, mmoja kwanza, mwingine baadaye, wasikutane kwenye shuka. Nikaweka na sheria: asubuhi hakuna kulia. Mwenye kilio chake akiweke mpaka mchana.

Wahenga husema mchelea mwana kulia hulia yeye. Mimi sikuchelea, nilichoka. Lakini watoto walishika. Baada ya wiki mbili tulikunywa uji kimya, tukanawa, tukamwacha mtoto kwa jirani, tukafika shuleni kabla ya kengele. Yule mdogo akikunja mdomo alikuwa ananiuliza, "Dada, mchana bado?" Nikimwambia bado, anaubana mdomo. Mchana ukifika amesahau, yuko kwenye mchezo.

Jirani yule alikuwa mama mtu mzima, mwema, na mwenye masikio. Asubuhi moja akanizuia mlangoni kwake.

"Mwanangu, mbona siku hizi jiwe lenu halisemi?"

"Shikamoo, mama," nikamjibu, nikaenda zangu.

Ningeweza kumwambia tunasaga jioni. Maneno mawili. Sikuwa na hamu ya kufungua mdomo, nikayabakiza.

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nyumba ya marehemu jiwe limekufa, watoto wanashinda njaa: habari ikamfikia baba shambani. Hakuniuliza. Akawapa ujumbe wachuuzi wa samaki waliokuwa wakishuka ziwani, kwa dada yake mkubwa aliyeolewa huko Kipili na asiyejaliwa mtoto: njoo umchukue mdogo.

Shangazi aliwasili jioni na fungu la migebuka, samaki wakavu wa ziwani, na gauni jipya la bluu alilolishona mwenyewe. Alfajiri aliamka, akakaa kwenye kigoda, akatazama. Aliona makaa, maji, mwiko, wavulana wakinawa zamu kwa zamu. Tulipomaliza uji akaniuliza taratibu, "Unga huu umeusaga lini?"

"Jana jioni, shangazi. Tunasaga jioni."

Akamgeukia baba, ambaye siku hiyo hakwenda shamba. "Mdogo wangu, umeniita kwenye njaa gani?"

"Neno nimeshalitoa, dada," baba alisema. "Siwezi kukudai unirudishie."

Shangazi angeweza kumrudishia mwenyewe, bila kudaiwa. Alinitazama, akalitazama lile gauni magotini mwake, akalipapasa ukosi. Simlaumu sana, miaka ile yote alikuwa akishona nguo za watoto wa wenzake.

Nikalichukua gauni, nikalitandaza karibu na chungu mpaka likapata joto. Nikamvika. Mtoto akanirudishia mwiko, maana kazi yake ilikuwa imekwisha, akashika mkono wa shangazi alipoambiwa aushike. Nikawasindikiza mpaka mwisho wa matuta yetu. Pale akageuka, mdomo umeshakunjika, mashavu yanatetemeka.

"Dada, mchana bado?"

Jua lilikuwa halijapanda. "Bado," nikamwambia.

Akaubana mdomo, wakaenda.

Kesho yake nilisaga alfajiri. Nilisaga kwa nguvu, kijiji kizima kisikie. Hakuna aliyekuja kunikumbatia mgongo.