Mstari Niliomwibia Zena

Nakumbuka Jumapili moja alasiri, hapa hapa Kilosa, nilikuwa nimesimama pembeni ya jukwaa nikisubiri kupigiwa makofi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na kiburi cha kutosha ukoo mzima. Nakusimulia leo, mwanangu, lakini usidhani nimetulia. Nimekasirika. Jana ulinisikilizisha kwenye simu huo wimbo wako unaotaka kuurusha Ijumaa, nikakusikia unamtaja yule binti wa Magomeni mliyeachana naye, pamoja na mambo aliyokueleza mkiwa wawili tu. Na ubaya wake, wimbo ni mzuri. Hilo ndilo lililonipandisha hasira zaidi.

Siku hizo vijana wa stesheni walikuwa na bendi yao: magitaa matatu, ngoma, na tarumbeta moja iliyobonyea. Kupiga walijua. Maneno ndiyo yaliyowashinda, walikuwa wakirudia "mpenzi njoo" mpaka hata mpenzi mwenyewe angeahirisha. Mimi nilikuwa nimemaliza shule na napenda kuandika, wakanipa kazi ya kutunga. Mwalimu wangu alikuwa Mzee Mkude, karani mstaafu wa mashamba ya mkonge. Meneja wake Mzungu alipoondoka nchini alimwachia gramafoni na sanduku la santuri za Kimarekani, nyimbo za mapenzi za zamani, na yule mzee alizisikiliza miaka na miaka mpaka akajua kila moja ilivyoungwa.

Usifikiri, mwanangu, wale watungaji wa Kimarekani waliamka tu wakaropoka. Mzee Mkude alikuwa akiniwekea santuri moja asubuhi nzima. Kwanza alinikataza kuyafuata maneno, akaniamuru nivume sauti tupu mpaka nijue inapanda wapi na inapumzika wapi. Ndipo ananitafsiria mstari mmoja mmoja. Yalikuwa maneno ya kawaida kabisa, ya jikoni na ya barabarani, ila hakuna hata moja lililokaa bure. Pale sauti inaporefuka waliweka neno linalofungua mdomo wote, mwimbaji asikabwe. Wimbo ulikuwa na vipande vinne: cha kwanza kinasema jambo, cha pili kinalisema tena kwa upande mwingine, cha tatu kinashika sauti tofauti na kutoa siri ya moyo, cha nne kinarudi nyumbani.

"Anayesikiliza hana ukurasa wa kurudia," mzee alikuwa akisema. "Likimpita, limempita. Na majina ya watu na ya miji achana nayo. Kuna 'mimi', kuna 'wewe', inatosha. Kila mtu ataingia mwenyewe."

Yote niliyashika, isipokuwa hilo la mwisho. Nililiona ni woga wa uzee.

Basi akanipa sauti ya santuri moja niitungie maneno ya Kiswahili, bendi iupige wimbo kwenye dansi la mchana la vijana, tulilokuwa tukiliita bugi. Vipande vitatu vilinijia ndani ya wiki. Kile cha siri ya moyo kilikataa. Niliandika, nikafuta, nikaandika tena, nikampelekea mzee. Akasoma, akanirudishia karatasi bila hata kuikunja.

"Hapa unadanganya, Mariamu. Haya ni maneno ya mtu ambaye hajaumia popote. Nenda katafute ukweli."

Nilirudi nyumbani nimenuna. Jioni hiyo Zena akaja kunisuka. Zena alikuwa rafiki yangu tangu darasa la kwanza, na mwezi huo alikuwa ameposwa na Yusufu, mpiga gitaa wa bendi ile ile. Akiwa ananisuka uani kwetu, akaniambia jambo ambalo nje ya nyumba yao hakuna aliyelijua. Kule Mikumi kwa shangazi yake kulikuwa na mtoto wa miaka mitatu, watu wote wakidhani ni wa shangazi. Alikuwa wa Zena. Kila mwisho wa mwezi alipanda basi na kikapu cha nguo kwenda kumwona.

"Yusufu nitamwambia mwenyewe kabla ya ndoa," alisema. "Maneno nimeshayapanga." Mkono wake ukabaki kwenye nywele zangu. "Ananiita dada, Mariamu. Na mimi naitika."

Unajua nilifanya nini? Rafiki yangu analia nyuma ya kichwa changu, na mimi nilikuwa nahesabu. Vidole vyangu vilikuwa chini ya khanga vinapima kama sentensi ile inaingia kwenye ile sauti. Iliingia. Hata Mikumi iliingia. Sikuwa na kinyongo na Zena, wallahi, wala sikumwonea wivu kwa Yusufu. Nilikuwa na pengo la mistari miwili, basi. Bora hata ningekuwa namchukia, ningejua cha kutubia.

*Kila mwezi Mikumi nafika,
Ananiita dada, naitika.*

Mzee Mkude sikumwonyesha. Niliwapelekea bendi moja kwa moja, nikijua fika kwa nini simpitii. Wakaufanyia mazoezi siku tatu, na Yusufu akiwemo, akipiga gitaa bila kuwaza maneno, kwa sababu wapiga magitaa ndivyo walivyo, wanasikiliza nyuzi.

Jumapili ikafika. Ukumbi ulijaa. Kipande cha kwanza watu walicheza, cha pili wakaanza kuitikia. Cha tatu kilipoingia, ukumbi ulitulia, nami nikafurahi, nikasema moyoni nimewapata. Ndipo nikamwona Zena. Alikuwa amekaa safu ya mbele, kavaa gauni la kijani alilolishona kwa ajili ya Yusufu. Akasimama. Akaweka kiganja mdomoni, akatoka akipita katikati ya watu waliokuwa wamesimama. Vichwa vikaanza kugeuka, kwanza viwili vitatu, halafu vyote. Yusufu akamfuata kwa macho mpaka mlangoni, na vidole vyake vikasimama juu ya nyuzi. Mwimbaji akaendelea peke yake. Na watu, Mungu anisamehe, wakapiga makofi.

Kesho yake Mzee Mkude akaniita. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Mzee yule ambaye hata vichaa wa sokoni aliwaitikia marahaba, siku hiyo alinitazama tu.

"Nilikutuma ukatafute ukweli," alisema. "Nilikutuma ukaibe?"

"Mzee, jina sikulitaja."

"Nani mwingine katika mji huu anayepanda basi la Mikumi kila mwisho wa mwezi na kikapu cha nguo za mtoto? Nitajie! Ulikuwa na yako ya kusema, ukaona uvivu kuyatafuta. Huna jambo lako linalokuuma? Basi ungeacha kipande kile kikiwa kibovu. Wimbo mbovu haujavunja nyumba ya mtu."

Siku ya tatu wazee wa kina Yusufu walikwenda kwao Zena kuvunja posa. Nilikwenda kumwomba radhi, mama yake akanijibu kupitia dirishani kwamba hayupo, nami namsikia anakohoa ndani. Wiki haikuisha akahamia Mikumi. Niliwasihi bendi wauache wimbo, wakauacha. Watu je? Watoto waliuimba wakienda shule, wanawake waliuimba bombani. Nilikuwa nimeutengeneza kama nilivyofundishwa, maneno mepesi, mdomo wazi, usikie mara moja tu ushike. Nani ataufuta?

Mzee Mkude hakunifundisha tena. Nami sikutunga tena, na usiseme pole.

Miaka mingi ikapita. Nilikuwa narudi kutoka Iringa, nywele zimeshaanza mvi, basi likaharibika Mikumi, tukaambiwa tusubiri. Nikaingia kwenye mgahawa kando ya barabara, pale wanapokula madereva wa malori. Jikoni mtu alikuwa anavuma wimbo. Ulikuwa ule ule, kipande cha tatu. Nikachungulia nikamwona Zena anasukuma chapati, mnene kidogo, miwani imeshuka puani. Aliponiona akaacha kuvuma.

"Mariamu. Karibu, kaa. Utakula nini?"

Nikaanza kuomba radhi pale pale, nikiwa nimesimama. Aliniacha nimalize yote. Halafu akasema, bila kupandisha sauti:

"Mwanangu alijua mimi ni mama yake kwa kuzomewa na watoto wenzake. Alikuwa na miaka saba. Nilikuwa nimeshayapanga maneno, ya kumwambia yeye na ya kumwambia Yusufu. Nilikuwa nayafanyia mazoezi nikiosha vyombo. Ukanitangulia." Akageuza chapati. "Na huo wimbo mpaka leo unanitoka mdomoni mwenyewe, naushtukia niko katikati. Si ungeutunga vibaya tu, Mariamu? Ningekuwa nimeshakusamehe."

Akaniletea chapati na maharage. Nilikula, maana kukataa kungekuwa tusi la pili.

Sasa wewe, mwanangu, unakaa mbele yangu unaniambia eti ndiyo sanaa, eti watu wanataka ukweli. Ukweli wa nani? Ule wako umeuweka wapi? Kuachwa kumekuuma, basi imba kuachwa kwako. Imba jinsi ulivyokuwa ukichungulia simu kila baada ya dakika mbili, jinsi ulivyojifanya umeshiba. Hayo ni yako, yatangaze mpaka Dar es Salaam. Lakini alichokwambia yule binti akilia ni chake, na saa ya kukisema ni yake, na pengine hata sasa anayapanga maneno. Sisi tulikuwa na ukumbi mmoja na mji mmoja, na bado wimbo ulifika Mikumi kabla ya mwenyewe. Hicho kisimu chako kitamfikia wapi asikotaka?

Nasaha yangu ni hii, na sitaibembeleza. Tunga kwa ufundi wote, usiache neno vivu hata moja. Kisha, kabla hujautoa, uusome kila mstari ujiulize ni wa nani. Usio wako ufute, hata kama ndio mzuri kuliko yote. Hasa kama ndio mzuri kuliko yote. Pengo likibaki, libaki. Ijumaa haijafika, na huyo binti bado anatembea Magomeni kichwa juu.

Mungu akupe sauti, akupe na wasikilizaji. Akujaalie uumie kwako mwenyewe kiasi cha kukutosha kuimba. Na siku ukishindwa kuutunga wimbo, akupe moyo wa kulala nao ukiwa haujaisha. Haya, lete hiyo simu, ufute mistari ya huyo binti mbele yangu.